Mlango wa Nyuma Kushoto

Asubuhi ile mume wangu alifunga kamba za kiatu kimoja. Cha pili alikuwa nacho mkononi. Mimi nilikuwa jikoni nikimpozea chai, nikamsikia anakohoa kidogo, kisha nikasikia kiatu kikianguka sakafuni. Nikasema kwa sauti, "Utawachelewesha watoto wa watu." Hakunijibu. Nilipoingia chumbani alikuwa ameegemea ukuta kama mtu anayefikiria jambo, na roho ilikuwa imeshamtoka.

Nje gari lilikuwa linaunguruma. Alikuwa na kawaida ya kuliwasha kabla ya kuvaa viatu, lipate joto. Liliendelea kuunguruma peke yake mpaka mama mkwe wangu alipokumbuka kwenda kulizima. Hapo ndipo simu ya mume wangu ilipoanza kuita. Mama wa mapacha. Baba wa yule mtoto anayelia kila Jumatatu. Wote waliuliza jambo moja: mbona gari halijafika, watoto wamesimama mlangoni na mabegi mgongoni?

Kazi yake ilikuwa hiyo, kuwapeleka watoto shule na kuwarudisha. Gari lenyewe ni la zamani, la milango minne na buti refu, kijani chake kimepauka juu ya paa mpaka kinakaribia kuwa cheupe. Enzi zake lilikuwa na loki za umeme. Dereva akibonyeza kitufe kwenye mlango wake, mingine mitatu inajifunga yenyewe, na mlango ukishajifunga hivyo mtoto anaweza kuvuta mkono wa ndani mpaka achoke, haufunguki. Lakini loki zile zilikufa moja baada ya nyingine, kila moja kwa wakati wake, na mume wangu akabuni utaratibu wake. Kabla ya kuondoa gari aliita milango kama mwalimu anayeita majina.

"Mbele kushoto!"

Mtoto aliyekaa hapo anabonyeza kitufe kwa mkono na kujibu kwa nguvu, "Umefungwa!"

"Nyuma kulia!"

"Umefungwa!"

"Nyuma kushoto!"

"Umefungwaaa!"

Mtaa mzima ulijua gari letu limeondoka. Yeye alikuwa akigeuka na kuangalia kila kitufe kwa macho, lakini watoto hawakujua hilo. Walidhani kujibu ndiko kunakofunga mlango.

Baada ya mazishi mdogo wake ndiye aliyeshika usukani kwa muda. Huyu shemeji yangu ni fundi bomba, na tunamwita Breki kwa sababu mdomo wake hauna. Aliita milango vilevile kama kaka yake, watoto wakaitika, naye akaondoa gari bila kugeuka. Kwenye kona ya karibu na shule mlango wa nyuma kushoto ukafunguka. Mtoto aliyekaa hapo alikuwa ameitika kwa kelele zake zote na biskuti mdomoni, ila kitufe hakukigusa. Mkanda ulimshika. Begi lake lilidondoka barabarani, daftari zikatawanyika, na Breki akarudi nyumbani siku hiyo bila neno hata moja, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

Shule ina mama mmoja anayesimamia usafiri, mrefu, anavaa filimbi shingoni hata akiwa ofisini. Alituita.

"Kuitika si loki," alisema. "Jumatatu asubuhi nitalikagua gari lenu. Milango yote ifungwe na dereva, hapohapo alipokaa. Ikishindikana, watoto hawa nawapandisha basi jingine, na njia yenu inakuwa imekwisha. Na dereva atakuwa nani? Huyu?"

Breki alitazama viatu vyake.

"Ni mimi," nikasema.

Sauti yangu mwenyewe ilinishtua. Leseni ninayo, mume wangu alinifundisha kuendesha katika gari hilohilo, tukigombana kila kwenye gia ya pili. Kazi yangu mimi ni cherehani, nashona mapazia na sare. Lakini njia ile niliijua yote, nilijua kila nyumba alipokuwa akisimama mume wangu na kila mtoto anayechelewa kuvaa soksi, na nilipomsikia yule mama akisema itakwisha, niliumia kuliko hata siku ya mazishi. Niliitaka njia ile. Sijui kama nimewahi kutaka kitu namna ile.

Fundi umeme wa magari alikuwa na kazi mpaka katikati ya wiki ijayo. Alitusikiliza akiwa amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo iliyokuwa ikizungumza nasi.

"Mota zimechoka hizo," alisema. "Ndani ya kila mlango kuna kimota, ukubwa wake kama kipande cha sabuni. Kazi yake ni kusukuma na kuvuta kijiti cha chuma, basi. Wala si kazi ya kuniita mimi. Chukueni testa yangu hapo kwenye ndoo."

Testa yenyewe ni kama bisibisi yenye taa ndogo tumboni. Akatuelekeza: unagusisha ncha kwenye waya unaoingia kwenye mota, mwenzako anabonyeza kitufe cha dereva, na taa ikikonyeza maana yake umeme unafika na mota ndiyo mbovu. Isipokonyeza, ugonjwa uko kwenye waya.

"Na nikikonyeza mimi?" Breki akauliza.

"Wewe nenda hospitali," miguu ikajibu.

Mota tulizipata kwa muuza spea mmoja ambaye uwanja wake umejaa milango ya magari iliyosimamishwa kama vitabu. Alikuwa na gari kama letu, lililogongwa mbele. Alizichomoa mota tatu mbele ya macho yetu, akazijaribu moja moja kwenye betri iliyokuwa juu ya meza. Tak! Kijiti kinatoka. Akigeuza waya, tak! Kijiti kinarudi. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena.

"Mama, hizi si za kuchezea watoto," alisema, lakini alicheka, akarudia.

Jumamosi tulianza mapema. Gari lilikuwa uani, chini ya dirisha la chumba chetu. Mama mkwe alitoa kiti chake cha plastiki akakaa kivulini. Tangu tumzike mwanawe alikuwa akizungumza maneno ya lazima tu, chumvi iko wapi, nani amegonga, lakini alikaa pale, miguu ameikunja, akitutazama.

Tulianza na mbele kushoto. Kwanza mkono wa kupandishia kioo, kisha skrubu za mkono wa kushikia, kisha kava zima la mlango ambalo limeshikwa na klipu pembeni. Breki alilishika kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa jino la ng'ombe.

"Taratibu!" nikasema. "Zikivunjika klipu hizo hatuna nyingine."

"Shem, mimi nimeng'oa masinki ya hoteli."

"Hili si sinki. Leta huku."

Niliingiza bisibisi bapa niliyoifunga kitambaa, nikaisogeza pembeni kidogo kidogo, kama ninavyofumua mshono nisiotaka kuuchana. Pop. Pop. Pop. Kila klipu iliyoachia ilinipa furaha ya kijinga. Nyuma ya kava kulikuwa na karatasi ya nailoni iliyogandishwa kwa gundi nyeusi, na nyuma ya nailoni kulikuwa na giza, harufu ya vumbi la zamani, na humo gizani kimota chetu.

Mama mkwe aliinuka akaja kuchungulia. "Ndiyo hicho tu?"

"Ndiyo hicho, mama."

"Kitu kidogo hivyo kinataka kutunyang'anya njia?"

Nilichomoa plagi yake, nikagusisha testa. Breki alikaa kiti cha dereva.

"Bonyeza!"

Taa ikakonyeza. Mara moja, haraka, kama mtu anayekutania kutoka upande wa pili wa barabara. Nilipiga kelele. Sikujua kama nitapiga kelele, ilitoka yenyewe.

"Umeme unafika! Umeme unafika, shemeji!"

"Nibonyeze tena?"

"Bonyeza! Fungua! Bonyeza!"

Alibonyeza mpaka mama mkwe akamwambia atamaliza betri.

Mota ya zamani ilishikiliwa na skrubu mbili na ndoano ndogo kwenye kijiti. Tulifunga mpya mahali pake, tukachomeka plagi, na kabla hata hatujarudisha kava nikamwambia Breki ajaribu. Tak! Kitufe cha mlango wa abiria kilizama chenyewe, bila mtu kukigusa. Tukatazamana. Tak! Kikapanda. Mlango ule haukuwa umefanya hivyo tangu mtoto wa kwanza wa njia ile, ambaye sasa anaota ndevu.

Nyuma kulia ndipo Breki alipotaka sifa. Huko tundu la kuingizia mkono ni dogo na mota imejificha nyuma ya reli ya kioo. Nilimwambia mkono wangu ndio mwembamba. Akasema mkono wa fundi bomba umezoea mashimo. Akauingiza, akaukunja, akaigusa mota, akatangaza ameigusa, na alipotaka kuutoa mkono ukakataa.

"Shem."

"Nini?"

"Mlango umenikamata."

"Utoe kama ulivyouingiza."

"Nilivyouingiza sikuangalia!"

Mama mkwe alisogeza kiti chake karibu ili aone vizuri. "Mwacheni humohumo," alisema. "Jumatatu tukaguliwe naye. Tutasema ni kifaa cha usalama."

Nilileta maji ya sabuni nikayamimina tunduni. Breki aliomba dua zote alizofundishwa na nyingine alizotunga palepale. Mkono ulichomoka umechubuka na kunuka sabuni, Breki akakaa chini kwa kishindo, na mama mkwe akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, wala hakufunika mdomo. Sote watatu tulikisikia. Mimi niliingiza mkono wangu mwembamba, nikafanya kazi ile kwa vidole tu bila kuona, kama ninavyotia uzi kwenye sindano ya cherehani taa ikiwa imekatika. Skrubu ya kwanza. Skrubu ya pili. Ndoano. Tak!

"Miwili!" Breki alipiga paa la gari kwa kiganja. "Bado mmoja! Tunamaliza leo, kesho tunalala kutwa nzima!"

Nilikuwa nimelowa jasho na nilikuwa na furaha. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa mjane na magoti yangu yalikuwa na grisi na nilitaka kuruka.

Kava la mlango wa nyuma kushoto lilitoka kirahisi kuliko mengine. Klipu mbili hazikuwepo, na gundi ya nailoni ilikuwa imepakwa upya, vibaya, kwa kidole. Niliivuta nailoni, nikaona, nikaacha kuvuta.

Mota iliyokuwa ndani haikuwa ya gari lile. Ilikuwa nyeupe, ya gari jingine kabisa, imefungwa kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari. Plagi ilikuwa imekatwa. Waya mbili za gari zilikuwa zimeunganishwa na waya mbili za mota kwa fundo kubwa la tepu nyeusi, na juu ya tepu hiyo fundo lilikuwa limezungushiwa uzi mwekundu, mizunguko mingi iliyokazwa na kupangwa vizuri. Uzi ule niliujua. Ulikuwa wa mapazia. Nilikuwa nimeutafuta nyumba nzima mwaka fulani, nikamuuliza kama ameuona, naye akaniambia labda panya.

"Panya," nikasema.

"Yuko wapi?" Breki akaruka nyuma.

Nilimwonyesha. Akasogea. "Huyu ni bro," alisema polepole.

Mama mkwe aliinama akaweka kidole juu ya fundo. "Anakaza mpaka basi. Tangu mdogo, ukimpa kitu afunge hukifungui." Hakutoa kidole chake. "Msikate hapa. Huu ni mkono wa mwanangu. Badilisheni mnachobadilisha, hapa mpaache."

Mimi pia sikutaka kukata. Breki naye hakutaka, ingawa fundi yeyote mwenye akili angeanza na kulikata fundo lile. Tulikubaliana haraka sana, kama watu waliokuwa wakisubiri mmoja aseme. Fundo litabaki. Tutakata waya upande wa mota, mbele ya fundo, na hapo ndipo tutaunga mota yetu. Waya za upande ule zilikuwa moja ya bluu na moja ya njano, na za mota yetu hivyohivyo. Bluu kwa bluu, njano kwa njano. Nilizisokota, nikazifunga tepu, tukakaza skrubu.

"Jaribu!"

Breki alibonyeza kitufe cha dereva. Mbele kushoto, tak, umefungwa. Nyuma kulia, tak, umefungwa. Nyuma kushoto, tak, ukafunguka.

"Fungua yote!"

Miwili ikafunguka. Nyuma kushoto ukajifunga.

Tulijaribu tena na tena, na kila mara mlango ule ulifanya kinyume cha wenzake, kwa nguvu zote, bila haya. Mama mkwe alianza kucheka. Safari hii kicheko hakikuwa kifupi. Alishika mlango asianguke.

"Ndiye yeye!" alisema, machozi yakimtoka. "Hajabadilika! Wote mkienda huku, yeye lazima aende kule! Hata hayupo anabisha!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Breki alilala kabisa kwenye saruji. Kisha nikamkumbuka muuza spea na betri yake, jinsi alivyokuwa akigeuza waya na kijiti kikigeuka nayo, na nikasimama.

"Ile mota nyeupe ilikuwa inafanya kinyume," nikasema. "Si ya gari hili. Ndiyo maana alipishanisha waya ndani ya fundo, ili iende sawa na wengine. Sasa sisi tumeweka mota iliyo sawa, na fundo bado linapishanisha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo na sisi tupishanishe. Bluu kwa njano."

Nilifumua muunganisho wangu, nikaunga upya. Breki alibonyeza na kitufe cha nyuma kushoto kikazama pamoja na vingine, milango yote kwa sauti moja. Sikuwahi kusikia sauti nzuri vile. Nilimkumbatia mama mkwe na mikono yangu ya grisi, nikamchafua gauni lote, naye hakujali. Fundo lilikuwa zima na mlango ulikuwa unafanya kazi. Tulirudisha kava. Tulinawa. Tulikuwa tumeshinda.

Jumapili baada ya chakula nilitaka kuonja ushindi tena. Nilifungua mlango wa nyuma kushoto nikaubamiza, kama watoto wanavyobamiza, nikakaa kiti cha dereva nikabonyeza. Tak, tak. Mbili tu. Niligeuka. Kitufe cha nyuma kushoto kilikuwa kimesimama juu kikinitazama.

Nikabamiza tena. Kikafanya kazi. Nikabamiza tena. Kikakataa.

Breki alikuja mbio na kijiko mkononi. Tulivua kava, nikashika waya nikaanza kuzichezesha moja moja, yeye akiwa kwenye kitufe. Muunganisho wangu, sawa. Waya zinazoingia mlangoni, sawa. Nilipoligusa fundo lenye uzi mwekundu, mota ilikwenda, ikaacha, ikaenda, ikaacha.

Hatukuhitaji testa. Nilibonyeza tepu kwa kucha na pembeni pakatoka unga wa kijani. Maji ya mvua yalikuwa yakiteremka kwenye kioo na kudondokea hapo miaka yote, na ndani ya lile fundo lililokazwa hivyo waya zilikuwa zimeoza. Tulichukua mota nyeupe tuliyoitoa, tukaijaribu kwenye betri ya gari. Tak. Ilikuwa nzima; lililokuwa bovu miaka yote ni fundo.

"Tulifunge tepu nyingine juu," Breki alisema. Hakunitazama. "Tulikaze. Kesho asiubamize sana, mkaguzi. Baadaye tutaona."

"Na mtoto wa biskuti?"

Akaiweka tepu chini.

"Atakaa hapa," nikasema. "Keshokutwa na siku zote. Mlango huu ukikataa siku moja tu kwenye kona ile, shemeji."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu. Sikujua amekuja saa ngapi. Nilimgeukia. Jana aliniomba, na nilikubali kwa moyo wangu wote. Aliangalia ule unga wa kijani kwenye ukucha wangu.

"Ni huo ndio unaozuia?"

"Ndiyo, mama."

Aliingia kiti cha nyuma, akasogea mpaka mlangoni, akaingiza vidole vyake na kuzivuta waya nje taratibu mpaka fundo likatokeza kwenye mwanga. Akalishika lisitikisike. "Kata," alisema. "Mimi nimeshika."

Koleo lilikuwa mkononi mwangu. Nilipiga moyo konde. Nilikata upande huu, nikakata upande ule, na fundo likabaki kwenye kiganja chake, jepesi, kama mdudu aliyekauka. Ndani ya ncha zilizokatwa niliona nilichokuwa nimekisia: bluu imefungwa na njano, njano na bluu. Alikuwa amejua anachofanya. Nilifurahi kwa hilo peke yake.

Nilizikata waya za gari kidogo kidogo kurudi nyuma mpaka nilipofikia shaba safi, inayong'aa. Breki alileta viunganishi vya kubana vilivyobaki kwenye sanduku lake la pampu za maji. Bluu kwa bluu, njano kwa njano, hakuna kupishanisha tena. Nilivielekeza juu, mbali na njia ya maji, na nailoni nikaigandisha vizuri pande zote.

Kisha tukaubamiza mlango ule. Breki aliubamiza kwa mkono, akaubamiza kwa mguu, mama mkwe akaubamiza kwa makalio. Kila mara nilibonyeza na kila mara, tak, kitufe kilizama. Jirani mmoja alichungulia juu ya ukuta akauliza kama tunagombana.

"Tunafunga mlango!" mama mkwe akamjibu.

Jumatatu niliendesha mimi, Breki pembeni na mama mkwe nyuma, maana alikataa kubaki. Yule mama wa filimbi alitoka ofisini kabla kengele haijagongwa. Hakutusalimia sana. Alimwomba mama mkwe ateremke, akaingia yeye kiti cha nyuma kushoto, magoti yake marefu yakigusa kiti cha mbele.

"Funga."

Nilibonyeza. Tak.

Alivuta mkono wa ndani. Akavuta kwa mikono miwili. Akasukuma mlango kwa bega mpaka gari likayumba. Haukufunguka. Akahamia kulia, akafanya vilevile. Akaja mbele, akamtoa Breki, akafanya vilevile. Kisha akateremka, akarudi nyuma kushoto na kuubamiza mlango mara kadhaa, kwa nguvu kuliko hata mama mkwe, na kila alipoubamiza aliniambia nifunge, na kila aliponiambia nilifunga.

"Nani aliyetengeneza?" aliuliza hatimaye.

"Sisi," Breki akasema, kifua mbele. "Mimi, shemeji na mama. Mkono wangu wenyewe umo humo ndani, nusu ya ngozi."

Yule mama hakucheka, lakini aliitazama mikono yangu, kucha zilizokuwa bado nyeusi. "Nani anaijua njia?"

Niliitaja yote, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa mapacha ambao mmoja lazima apande kwanza leo na mwingine kesho. Nilikuwa sijamaliza aliponiinulia kiganja.

"Mchana uwachukue wewe," alisema, akapuliza filimbi kwa sababu watoto fulani walikuwa wanakimbia.

Breki alirudi kwenye mabomba yake siku hiyohiyo. Siku hizi ni mimi ninayeendesha njia ile, asubuhi na mchana, siku zote za shule, na mapazia nashona jioni.